Ndege wa Chini ya Msitu: Safari ya Kutoka Ngarenaro Hadi Mlima Meru

Jina la mtaa wetu wa Ngarenaro ni jina la maji. Wenye lugha ya Kimaa walikiita kijito kinachoshuka kutoka Mlima Meru na kupita hapa Engare Narok, yaani maji meusi, na ndimi za wageni waliohamia mjini Arusha zikalilainisha hadi likawa Ngarenaro. Wengi wetu tuliokulia hapa tunakifahamu kijito hicho kwa daraja lake, kwa takataka zinazokisonga wakati wa kiangazi, na kwa ghadhabu yake siku za masika. Ni wachache wanaouliza maji hayo huanzia wapi, na ni viumbe gani wanaoishi huko yanakoanzia.

Swali hilo ndilo lililotukusanya, familia kadhaa za waumini wa msikiti mmoja pamoja na watoto wa madrasa, tukakodi kosta na kuondoka Jumamosi moja mara baada ya sala ya Alfajiri. Tulikuwa tunakwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Watoto walitarajia twiga na mbega, nao waliwaona. Sisi wazazi tulikuwa na shabaha nyingine. Tulitaka kuwaonesha ndege wa aina ambayo mtu wa mjini humpita bila kumjua: ndege wa msitu wa mlimani anayeishi chini, ardhini, miongoni mwa majani makavu, na ambaye huruka pale tu anapolazimika.

Barabara ya Moshi hadi huko nayo ni mlolongo wa majina ya maji. Ukishapita Tengeru unafika Usa River, ambako mto umekuwa jina la mji. Mbele kidogo ni Maji ya Chai, mahali palipopewa jina kwa rangi ya maji yake, na hapo ndipo tulipokata kushoto kuelekea lango la Ngongongare. Ukiuzunguka mlima kwa upande huo utafika Ngare Nanyuki, maana yake maji mekundu. Waliotutangulia waliyatambua maji kwa rangi zake, meusi, mekundu na ya chai, na kwa majina hayo wametuachia ramani inayotuonesha kwamba yote yanatoka katika mlima mmoja.

Mlima Meru una urefu wa mita 4,566 juu ya usawa wa bahari, na ni wa pili kwa urefu nchini mwetu baada ya Kilimanjaro. Ni mlima wa volkano. Zamani za kale ukuta wake wa mashariki ulibomoka na kuporomoka, ukaacha bonde kubwa lililo wazi ambalo leo limevikwa msitu. Chini yake Wameru na Waarusha wamelima migomba, kahawa na mahindi kwa vizazi vingi. Juu ya mashamba hayo kuna ukanda wa msitu wa asili wenye mizeituni mwitu, mierezi na mianzi, kisha vichaka vya baridi, kisha mawe matupu. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1960 ikiwa ndogo, kuzunguka kreta ya Ngurdoto, na mwaka 1967 ikapanuliwa ili kuuingiza Mlima Meru.

Ndani ya hifadhi hii mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu, mradi afuatane na askari mwenye silaha, kwa sababu nyati ni wengi. Askari wetu alikuwa kijana mpole mwenye adabu. Aliwasalimia wazee kwanza, "Shikamooni wazee, shikamooni mama zetu," kisha akawataka watoto watembee nyuma yake kwa mstari na wasipige kelele. "Wanyama wakubwa mtawaona hata mkicheka," alisema. "Huyu mnayemtafuta akisikia kicheko kimoja tu, basi."

Tulipoingia chini ya miti mikubwa jua lilipotea na ubaridi ukatushika. Askari aliinama, akachota kwa viganja viwili kile tulichokuwa tunakikanyaga, akawaonesha watoto. Juu palikuwa na majani makavu yaliyoanguka karibuni. Chini yake palikuwa na majani yaliyooza nusu, yenye nyuzi nyeupe za kuvu. Chini zaidi palikuwa na udongo mweusi, laini, wenye unyevu, na humo alikuwamo jongoo, mende wawili, siafu mmoja na nyungunyungu mwekundu aliyejikunja. Mtoto mmoja wa kike akauliza, "Mjomba, hivi vyote vinafanya nini humu?" Askari akamjibu, "Hiki ni chakula, mwanangu. Na hiki ndicho kinachoshika maji."

Jibu hilo fupi linahitaji kufafanuliwa kidogo. Mvua inapopiga udongo mtupu, matone yake huugonga na kuuziba, na maji hukimbia juu kwa juu yakibeba udongo kuelekea mtoni. Mvua hiyohiyo inapoanguka msituni hupokelewa kwanza na matawi, kisha na vichaka, kisha na tandiko la majani. Hapo hupunguza kasi na kuzama taratibu katika udongo uliotobolewa na mizizi na wadudu. Baadaye hutokea chini ya mlima ikiwa chemchemi, hata katika miezi isiyo na mvua. Sehemu ya maji yanayotumiwa na mji wa Arusha hutoka katika chemchemi za namna hiyo. Maji tunayotawadhia Ngarenaro, kabla hayajafika bombani, huenda yamepita kwanza katika majani makavu kama yale yaliyokuwa viganjani mwa askari.

Na ndege tuliyemfuata anaishi katika majani hayohayo. Hapa Meru wapo wa aina kadhaa. Anayejulikana zaidi ni kwale wa msituni. Ana umbo la kuku mdogo na rangi ya kahawia iliyofifia yenye alama kama magamba, na kilicho na rangi kali ni mdomo wake na miguu yake tu, navyo ni vyekundu vinavyoelekea rangi ya machungwa. Akitulia chini ya kichaka macho hayamtofautishi na majani. Huchakura kama kuku wa nyumbani, akitafuta mbegu, vikonyo na wadudu. Hutaga mayai yake chini, katika kishimo kidogo alichokifunika kwa majani. Tulimsikia kabla ya kumwona, mlio mkali wa kukwaruza unaopanda kwa hatua, kutoka kichakani, mara tatu. Kisha akakatiza njia mbele ya askari, shingo imenyooka, akikimbia kwa miguu, na kichaka kikamficha. Baadhi ya watoto walimwona, wengine waliona majani yakitikisika tu, na ubishi wa nani aliona nini uliendelea hadi chakula cha mchana.

Yuko pia ndege mdogo zaidi, mwenye kifua cha rangi ya machungwa na madoa meupe katika mbawa, anayekaa kwenye giza la chini ya miti na kupindua majani kwa mdomo wake akitafuta nyungunyungu na wadudu. Huimba asubuhi na jioni, wakati mwanga ni hafifu, kwa sauti tamu ya filimbi. Anapatikana katika misitu ya milimani katika nchi kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika, lakini kila mahali sharti lake ni lilelile: msitu wenye kivuli, unyevu na tandiko nene la majani.

Ukiwatazama ndege hawa kwa makini utaona kwamba wanahitaji vitu vitatu. Kwanza ni vichaka vya chini vya kujifichia. Pili ni majani yaliyooza, ambayo ndiyo ghala lao. Tatu ni utulivu wakati wa kuatamia, kwa kuwa kiota kilicho ardhini hakina mlinzi isipokuwa kutoonekana. Ni mahitaji ya kiasi, lakini yote matatu yako chini, mahali ambapo mkono wa binadamu hufika kwanza. Mtu akitaka kukata mti mkubwa anahitaji msumeno, wenzake na gari la kubebea. Kuharibu sehemu ya chini ya msitu kunahitaji panga, mbuzi wachache, njiti ya kiberiti au uzi wa nailoni.

Hapa ndipo penye jambo kubwa tunalotaka kulifikisha kwa msomaji. Msitu unaweza kuonekana umesimama, ukapigwa picha ukiwa kijani kibichi, na huku chini yake ukiwa umekwisha kuwa mtupu. Miti mikubwa ipo, kivuli kipo, lakini vichaka vimefyekwa kwa ajili ya fito na malisho, majani yamechomwa na moto ulioachwa na warina asali au wachoma mkaa, na ndege wa chini wamenaswa mmoja mmoja. Anayetazama kutoka barabarani hatambui. Ukimya ndio dalili ya kwanza, na ukimya haupigwi picha.

Ndani ya hifadhi ulinzi ni mkali. Lakini msitu wa Meru haukomi kwenye mpaka wa hifadhi. Miteremko inayouelekea mji wetu ina mashamba makubwa ya miti ya kupandwa, misindano na mikaratusi na mingineyo, yanayosimamiwa na serikali. Upande wa magharibi wa mlima kuna Olmotonyi, kilipo chuo cha misitu cha siku nyingi. Miti ya kupandwa ina faida yake. Inatupatia mbao na nguzo na kupunguza haja ya kuugusa msitu wa asili, na wakulima wengi wamepata riziki kwa kulima mazao katikati ya miche kabla haijakua. Hata hivyo, chini ya misindano iliyosongamana hutandikwa sindano kavu ambazo hazina wingi wa wadudu na mbegu kama majani ya msitu wa asili, na vichaka ni haba. Kwale wa msituni hawezi kuhesabu shamba la namna hiyo kuwa ni nyumba yake, hata kama ramani inaonesha rangi ileile ya kijani.

Ili tuelewe mwisho wa njia hiyo, tulipopumzika kwa chakula mmoja wetu, ambaye ni mwalimu, aliwasimulia watoto habari za ndege wa milima mingine ya nchi yetu, mbali na hapa, katika mikoa ya Iringa na Morogoro. Tunaisimulia hapa pia, kwa kuwa ndiyo habari kubwa zaidi ya ndege wa chini ya msitu katika Tanzania.

Milima ya Udzungwa si ya volkano kama Meru. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Misitu yake imenyweshwa na pepo za Bahari ya Hindi kwa muda mrefu usiokadirika kwa akili ya kawaida, na humo wamebaki viumbe ambao ndugu zao walikwisha kutoweka kwingineko. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi katika misitu hiyo. Ndani ya sufuria ya chakula cha kambi waliona jozi ya miguu ya ndege ambaye hawakumtambua. Miguu hiyo ndiyo iliyowaanzishia upelelezi. Baadaye walimwona ndege mwenyewe akiwa hai, kwale mdogo mwenye uso wa rangi ya kutu, mdomo mwekundu, miguu ya manjano na kifua chenye madoa meusi. Wanasayansi walimtangaza rasmi mwaka 1994. Hakuwa aina mpya tu. Ilibidi aundiwe jenasi yake peke yake. Walipomlinganisha na wengine waligundua kwamba ndugu zake wa karibu hawako Afrika. Wako katika misitu ya milima ya Asia ya kusini na mashariki.

Watoto walinyamaza kidogo waliposikia hivyo, kisha mmoja akauliza, "Ustadhi, sasa alifikaje huku?" Jibu la wanasayansi ni kwamba zamani sana ukoo wake ulienea katika misitu iliyokuwa mikubwa zaidi kuliko leo. Hali ya hewa ilipobadilika misitu ya katikati ikakauka, na waliobaki wakabaki kama watu waliozingirwa na bahari juu ya kisiwa. Mwaka 2000 kisiwa kingine kiligunduliwa. Katika msitu wa Mafwemiro, milima ya Rubeho, alipatikana ndege wa ukoo huohuo, na utafiti uliofuata ukaonesha kuwa ana tofauti za kutosha kuhesabiwa kuwa aina ya peke yake. Hawa wawili ndio wote waliopo wa ukoo huo duniani, na wote ni Watanzania.

Kwale wa Udzungwa hukaa katika misitu ya kijani kibichi kuanzia mita 1,300 hivi hadi karibu mita 2,400, hasa katika msitu wa Ndundulu na misitu ya jirani ya Luhombero na Nyumbanitu. Hutembea kwa makundi madogo, wakichakura majani na kula mende, siafu na mbegu, na usiku hupanda kulala juu ya matawi. Sehemu ya makao yao imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992, na sehemu nyingine imewekwa chini ya hifadhi ya msitu wa asilia ya Kilombero tangu mwaka 2007. Hizo ni hatua za kushukuriwa. Lakini mpaka uliochorwa katika karatasi hauzuii uzi wa nailoni.

Mtego unaomwangamiza ndege huyu ni rahisi sana, na urahisi wake ndio ubaya wake. Mtegaji hukata fito na matawi, akajenga uzio mfupi, usiofika hata gotini, unaokatiza msituni. Kila baada ya hatua kadhaa huacha upenyo, na katika kila upenyo huweka tanzi. Ndege anayeruka angepita juu ya uzio huo bila kuuona. Ndege anayetembea hufika kwenye uzio, akaufuata akitafuta njia, akaukuta upenyo, na kichwa chake kikaingia. Tabia iliyomhifadhi kwa vizazi visivyohesabika, ya kutulia chini na kutembea badala ya kuruka, ndiyo inayompeleka kwenye tanzi. Wala mtego hauchagui. Humnasa kwale, paa mdogo, panya buku na chochote kingine kipitacho, na mtegaji asiporudi kwa siku mbili kilichonaswa huoza bure.

Mwanachuoni wa mambo ya ndege angeishia hapo na kutaja idadi. Sisi tulikuwa na jambo jingine la kuwaambia watoto wetu, kwa kuwa katika dini yetu tanzi hilo lina hukumu.

Nyama ya kwale yenyewe ni halali. Si ndege mwenye makucha ya kuwindia, na uwindaji wa haja ya chakula umeruhusiwa kwa masharti yake. Lakini Surat al-Maida, aya ya 3, imetaja kwa majina vilivyoharimishwa, na miongoni mwake ni mnyama aliyekufa kwa kunyongeka, na aliyekufa kwa kupigwa kwa kitu kizito, isipokuwa yule aliyewahiwa akiwa hai akachinjwa. Ndege aliyekaa katika tanzi usiku kucha na kukutwa amekufa ni nyamafu. Hafai kuliwa, na hakuna bismillahi inayomhalalisha baada ya roho kutoka. Ndege aliyekufa kwa jiwe la manati hali yake ni hiyohiyo. Na imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza mchezo wa kurusha vijiwe, akieleza kuwa haviui windo wala havimdhuru adui, bali huvunja jino na kupofua jicho.

Tunasema haya kwa sababu kwale wa kuuzwa si kitu kigeni katika barabara nyingi za nchi yetu. Kijana husimama kando ya njia na ndege wawili watatu wamefungwa miguu, au amewabeba wakiwa wamekwisha kunyonyolewa. Familia ya Kiislamu inayonunua nyama ya kuku sokoni huuliza, "Nani kachinja?" Kwa nini swali hilo life tunapomkuta kwale barabarani? Anayeuza ndege aliyekwisha kufa bila ya kujua alikufaje ametuuzia shaka, na shaka tumeamrishwa kuiacha. Zaidi ya hapo, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na Muislamu hafanyi biashara ya kitu kilichopatikana kwa kuvunja ahadi za nchi anayoishi. Mnunuzi akiacha kununua, tanzi litakosa sababu ya kutegwa. Hilo liko katika uwezo wetu hata sisi tunaokaa mjini na ambao hatujawahi kukanyaga Ndundulu.

Wala dini haikuishia kwenye hukumu ya nyama. Surat al-An'am, aya ya 38, inatufundisha kwamba ndege warukao kwa mbawa zao ni umma kama sisi. Imamu Abu Daud amepokea habari ya safari moja ambayo Maswahaba walichukua makinda wawili wa ndege mdogo, na mama yao akaja akipigapiga mbawa kwa dhiki. Mtume (S.A.W.) alipomwona aliuliza ni nani aliyemhuzunisha ndege yule kwa watoto wake, akaamrisha warudishwe. Imamu an-Nasai naye amepokea onyo kwa anayemuua shomoro, au mkubwa kuliko shomoro, pasi na haki: ataulizwa na Mwenyezi Mungu. Haki yake, kama ilivyoelezwa, ni kumchinja na kumla, si kumuua na kumtupa. Na Madina ilipofanywa kuwa eneo takatifu, miti yake ilizuiwa kukatwa na mawindo yake kushtuliwa. Kabla dunia haijaanza kutenga hifadhi za taifa, umma huu ulikwishafundishwa kwamba kuna ardhi ambayo mti wake na ndege wake huachwa kwa amani.

Mzee mmoja miongoni mwetu alileta hoja ambayo haifai kupitwa kimya. Alisema, "Mwalimu, maneno yako ni mazuri, lakini yule anayetega ana njaa. Utamwambia nini?" Ni hoja ya haki. Wanaoishi pembezoni mwa msitu mara nyingi ni watu wenye ardhi ndogo na watoto wengi, na nyama ya dukani iko mbali na mifuko yao. Hatuwezi kukaa Ngarenaro tukila pilau na kumlaumu mtu huyo peke yake. Lakini ni kweli pia kwamba kwale mdogo hana uzito hata wa robo tatu ya nusu kilo, na kumwinda hakujamtajirisha mtegaji hata mmoja. Jogoo mmoja na mitetea minne humpa mtu mayai na nyama mwaka hadi mwaka, bila ya kumaliza ukoo wa mtu yeyote. Zaka na sadaka zetu zingeweza kufika huko kwa sura hiyo: mitetea, chanjo ya kuku, mizinga ya nyuki isiyohitaji moto. Kumsaidia jirani wa msitu ni njia ya kuulinda msitu.

Kuna tofauti moja kati ya Meru na Udzungwa ambayo inafaa kuwekwa wazi, tusije tukatishana bila sababu. Ndege wa chini wa Mlima Meru wanapatikana pia katika milima mingine na nchi nyingine. Wakitoweka hapa hawatakuwa wametoweka duniani. Kwale wa Udzungwa na ndugu yake wa Rubeho hawana pengine pa kukimbilia. Kwa hiyo uzito wa khatari si mmoja. Lakini kwa mtoto wa Ngarenaro mlima ni huu. Msitu wa Meru ukinyamaza, yeye atakuwa amepoteza kitu ambacho kuwapo kwake Kenya au Malawi hakutamrudishia. Na maji hayatoki Kenya wala Malawi kuja kwetu. Yanatoka hapa juu, chini ya majani anayochakura kwale.

Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, wale walioona safari yetu imetimiza masharti. Wengine waliswali kila moja kwa wakati wake, na hapakuwa na ugomvi. Kabla ya kuondoka bibi mmoja, mkazi wa Ngarenaro kwa miaka mingi kuliko sote, alitueleza kwamba katika ujana wake walikuwa wakifua nguo katika kijito chetu na kuteka maji ya kupikia sehemu za juu. "Siku hizi mjukuu wangu nikimwambia hivyo anadhani namtania," alisema. Hakuna aliyekuwa na la kuongeza.

Kwa familia zinazotaka kwenda, safari inawezekana kwa siku moja. Ondokeni mapema, kwa kuwa ndege wa chini husikika zaidi alfajiri na jioni. Vaeni viatu vilivyofunika miguu na chukueni kizibao, baridi ya msituni si ya kuchezea. Msiende na manati, msiende na mbwa, na msiokote yai wala kinda hata likionekana limeachwa, kwani mama yake huwa karibu akisubiri muondoke. Taka zote rudini nazo. Na mkirejea mtaani, anzeni na kijito: kila mfuko wa plastiki unaotupwa Ngarenaro unadharau kazi iliyofanywa na msitu mzima huko juu.

Kwa wazazi tunaongeza ombi moja. Mfundisheni mtoto jina la ndege mmoja, mlio wake na mahali anapotaga. Mtoto anayemjua kwale kwa mlio wake ni vigumu kumnunua akiwa amekufa barabarani, na akiwa mtu mzima, pengine diwani, hakimu au mfanyabiashara wa mbao, atakumbuka kwamba chini ya kila mti kuna umma mwingine.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotengeneza katika ardhi wala si miongoni mwa wanaofisidi, atudumishie mvua zenye manufaa na chemchemi zisizokauka, na atuandikie kila kiumbe tulichokihurumia kuwa shahidi wetu na si mshitaki wetu. Amin.